Tairi Ambalo Afande Hakulisoma

Watu wa Jinja walimwita Afande, nami sitambadilishia jina sasa akiwa kaburini. Jina lake la kweli nililisikia siku ya mazishi, shehe akilisoma, nikajikuta naangalia huku na huku nikijiuliza ni nani huyo anayezikwa. Alikotoka sijui. Wengine walisema babu zake walikuja na bunduki kutoka Sudani, wengine wakasema hapana, ni baba yake aliyekuja. Yeye mwenyewe ukimuuliza alikujibu kwamba mtu anatoka nyumbani kwake asubuhi na kurudi jioni, basi. Kwa hiyo hayo nayaacha. Nitasema niliyoyaona mimi, niliyemsumbua na matairi yangu miaka yote ile.

Kazi yake ilikuwa kusoma matairi. Gereji yake, kama utakubali kuiita gereji, ilikuwa nyuma ya nyumba yake upande wa Kimaka: mabati machache juu ya nguzo, shimo la kuingilia chini ya gari, na stoo ndogo yenye kufuli kubwa kuliko mlango. Mafundi wengine ukiwapelekea gari wanakimbilia boneti. Yeye alichuchumaa kwanza. Aliweka kiganja juu ya tairi, akafumba macho, akakipeleka polepole kutoka ndani kwenda nje, kisha akakirudisha. Ndipo alipokusalimu. Mara ya kwanza nilidhani ni kiburi, nikanuna. Baadaye nikaelewa kwamba kwake yeye tairi ndiye mgeni, mimi ni mtu niliyemsindikiza tu.

Na mimi nijitambulishe, tusije tukapotezana. Ni mtoto wa askari magereza. Nimelelewa kwenye laini za magereza, ambako Kiswahili ndicho kilichotupatanisha sisi wa Teso na wale wa Gulu na Wagisu. Ndiyo maana mimi na Afande tulielewana tangu siku ya kwanza, wakati wenzangu wengi sokoni hata leo wakisikia Kiswahili, ambacho kwao ni lugha ya askari, wanageuka kuangalia nani anakamatwa. Nina duka la spea mjini Jinja. Na nina wazimu mmoja ambao mume wangu ameukubali kama mtu anavyokubali paa linalovuja: napenda mashindano ya magari.

Klabu yetu ni ndogo. Mara chache kwa mwaka tunaruhusiwa kufunga barabara za ndani za kiwanda kimoja kilichokufa zamani, nje kidogo ya Mbale. Lami yake bado ni nzuri. Tunazunguka, saa zinapimwa, mwenye kasi anapewa kikombe na kupigiwa makofi, tunarudi nyumbani tukiwa na vumbi puani na furaha ya kijinga. Mzunguko wenyewe karibu wote unakata kulia. Hilo lishikeni, maana bila hilo hamtanielewa. Gari likikata kulia kwa kasi, uzito unalalia tairi la mbele la kushoto, na tairi hilo hulika ukingo wake wa nje. Hiyo ni kawaida, hakuna haja ya kumwita fundi. Siku moja ya mashindano inakula tairi kuliko miezi mingi ya kwenda sokoni na kanisani, na kila kosa la gari linaandikwa pale kwenye mpira.

Afande aliyasoma maandishi hayo. Tairi likiliwa katikati, upepo ulizidi. Likiliwa kingo zote mbili, upepo ulipungua. Likiwa na mabonde mabonde, shokomzoba zimekwisha. Lakini hakuishia kwenye gari, mzee yule. Alimsoma na dereva. Aliniambia mara nyingi, kwa Kiswahili chake cha kambi za jeshi, "Gari haina makosa. Makosa iko kwa mguu yako." Nilikuwa nashika breki kwa hasira, alisema, na mtu anayeshika breki kwa hasira hata ndoa yake ataiendesha hivyo hivyo. Nilimjibu kwamba ndoa yangu haimhusu. Akasema haimhusu, ila inasomeka.

Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja wa Jinja aliyeleta gari akilalamika kwamba matairi ni mabovu, yameisha bila sababu, na mkewe amesimama pembeni na mkoba wake. Afande akachuchumaa, akapitisha kiganja. Akamuuliza Jumamosi alikuwa wapi. Yule bwana akasema alikwenda matangani Iganga. Afande akainuka, akafuta mikono. "Hii gari haikuenda matanga," akasema. "Hii gari ilizunguka kulia siku mzima." Mke akafunga mkoba wake. Alinyosha mkono tu, akapewa funguo, akamrudisha mumewe nyumbani amekaa kiti cha abiria. Nilipomwambia Afande kwamba angemstiri mwenzake, alinitazama kama mtu niliyemwomba ale nguruwe. Tairi, akaniambia, halina ndugu.

Hilo ndilo lililokuwa neno lake. Tairi haina ndugu. Alilisema asubuhi, alilisema jioni, alilisema hata mahali ambapo halikuwa na kazi, kwa mfano alipokuwa anabishana na muuza samaki.

Viatu vyake ving'ae au vising'ae, hilo halikuwa swali, viling'aa. Alivipiga rangi kila alfajiri baada ya swala, akavivua, akavaa kandambili na kushinda nazo mafutani kutwa. Viatu vilikaa mlangoni vikisubiri. Alikunywa chai ya tangawizi chungu kabisa na kumcheka anayeweka sukari, na sukari ilikuwa tayari inamla kwa ndani bila yeye kujua. Alichukia mashindano. Aliyaita michezo ya watu walioshiba. Lakini hakukosa hata moja. Alikuja Mbale na basi la asubuhi, akaketi juu ya mtungi wa plastiki kwenye kona ile ile, amegeuza mgongo kwa magari, akisikiliza. Na tukimpa lifti ya kurudi Jinja, hakukaa kiti cha mbele hata kama gari lilikuwa na yeye na dereva tu. Alipanda nyuma. Tulimtania kwamba amejifanya waziri. Hakucheka, na siku tuliyojua sababu tuliacha kumtania.

Sisi tulikuwa na ugomvi wetu mmoja wa kudumu, mimi na yeye: bushi. Bushi ni kipande cha mpira kinachokaa kwenye mkono wa chini unaoshikilia gurudumu la mbele, kinazuia chuma kisigongane na chuma. Mimi nauza bushi za dukani, zimefungwa kwenye pakiti nzuri. Afande alizitukana. Bushi zako ni karatasi, alisema, zinakwenda Buwenge zinarudi zimekufa. Yeye alizichonga mwenyewe kutoka matairi ya zamani ya malori, kwa kisu na maji ya sabuni, akazitoboa, akazitundika kwenye waya stoo kama samaki wa kukaushwa. Na lazima niseme ukweli, hata kama nauza za pakiti: kwenye barabara zetu za mashimo, bushi za Afande zilidumu mpaka mwenye gari akasahau kwamba gari lina bushi. Teksi zote za Buwenge zilikuwa nazo. Watu walitoka Kamuli kuzifuata. Kuliko kitu chochote alichofanya kwa mikono yake, zile bushi ndizo zilizompa kichwa kikubwa.

Kunyosha magurudumu nako alikuwa na yake. Mashine hakutaka kuisikia. Alifunga uzi wa mwashi kwenye matofali, akauvuta ubavuni mwa gari kutoka nyuma hadi mbele, akapima kwa rula ya mbao ya shule. Dereva lazima akae kitini, kimya, ameshika usukani, kwa sababu gari tupu na gari lenye mtu havisimami sawa. Nilikaa hivyo mara nyingi jua likinichoma, nikamwambia hata jela wanaruhusu mtu kukohoa. Uzi wake haukukosea. Kitu kimoja tu uzi haukuweza: ulipima gari lililosimama. Gari likikimbia na kushikwa breki, uzi uko nyumbani.

Sasa nimefika mahali ambapo nimekuwa nazunguka nisifike.

Afande alikuwa na mtoto wa kiume, Rama. Wakati nilipoanza klabu, Rama ndiye aliyekuwa bora kati yetu sote, wala hakujisifu. Wengine tukishinda Mbale nzima inajua. Yeye akishinda ungemkuta anafagia vumbi ndani ya gari. Siku hizo kila gari lilibeba watu wawili, dereva na mwenzake wa kumtajia kona. Mwenzake Rama alikuwa Waiswa, kijana wa Buwenge, mmoja wa pacha, mcheshi ajabu, ambaye alizitaja kona kama anatangaza mpira. Mama yake tulimwita Nalongo, kama anavyoitwa kila mama wa pacha huko kwetu.

Mwaka mmoja mke wa Afande alikufa. Tulimzika, mzee akarudi kazini kesho yake, hakuna aliyemwambia kitu. Wiki chache baadaye yakafika mashindano ya Mbale. Kwenye kona ndefu, Rama akashika breki, gari likamtoka, likaenda na ubavu mpaka kwenye ukuta wa kiwanda, upande wa Waiswa. Rama alitoka mzima. Waiswa tulimtoa tukamlaza kwenye nyasi, na alikuwa amekwisha kwenda.

Afande alitembea kutoka kwenye mtungi wake mpaka pale. Hakukimbia. Alimtazama Waiswa, akalitazama gari, kisha akamgeukia mwanawe mbele yetu wote, mbele ya kaka wa Waiswa, na kusema, "Makosa iko kwa mguu yako." Maneno yale yale aliyotuambia sisi sote kwa mzaha. Rama alifungua mdomo. Nilimwona, nilikuwa karibu. Akaufunga. Akakubali kwa kichwa, na hajawahi kuendesha gari tena mpaka leo.

Matangani Buwenge Afande alisema hivyo hivyo kwa Nalongo: mwanangu amekosa, mtusamehe. Na kila mwezi siku ya soko alipanda teksi akampelekea sukari na sabuni, akaketi uani kidogo, akarudi. Rama hakuweza kukaa Jinja. Ungekaaje kwenye mji ambao baba yako mwenyewe amekuhukumu? Akaenda kuanza maisha Mbale, mji wa ajali yenyewe, jambo lililotushangaza, akafungua duka la vitunguu vya jumla karibu na msikiti. Baba na mtoto hawakuzungumza tena. Idi ilikuja ikapita, wajukuu wakazaliwa Mbale, mzee anasikia kwa watu.

Lakini kuna jambo ambalo lilinisumbua, na nililiona siku ile ile ya ajali. Afande alifungua lile tairi la mbele la kushoto kwa mikono yake, akalitia kwenye gunia, akalifunga kwa uzi wa mwashi. Kiganja hakukiweka. Yeye ambaye hawezi kupita gari la mgeni barabarani bila kuinama! Alilifikisha Kimaka likiwa ndani ya gunia, akaliweka stoo nyuma ya zile bushi zinazoning'inia, akatia kufuli. Nilipomuuliza siku moja kwa nini hakulisoma, akaniambia kazi yangu ni kuuza karatasi, niende nikauze. Mganga hajigangi, wamesema wenyewe. Nadhani aliogopa. Alimhukumu mwanawe haraka ili asibaki na swali, na swali likakaa stoo likimsubiri.

Ugonjwa wa sukari ulianza kumla miguu, ukapanda mikono. Siku moja nimekaa naye, ameegemea gari lililotoka safari, mkono wake umelala kwenye bomba la moshi. Mimi ndiye niliyesikia harufu. Nilipomvuta, ngozi ilibaki kwenye bomba. Alikitazama kiganja chake kama cha mtu mwingine, wala hakuwa na maumivu. Sote wawili tulielewa nini kimepotea. Mtu anayesoma kwa vidole, vidole vimekufa ganzi. Nilirudi nyumbani nikalia jikoni, mume wangu akadhani nimegonga gari.

Tulidhani ataacha. Hakuacha. Nilimkuta asubuhi moja amepiga magoti mbele ya gari la mwalimu fulani, ameliwekea tairi shavu lake. Shavu lilikuwa bado linasikia. Alilisogeza polepole, kutoka ndani kwenda nje, halafu akalirudisha, ndevu nyeupe zimeingia vumbi. Mwalimu alikuwa ameangalia pembeni kwa haya. Afande akasimama, akamwambia shokomzoba ya nyuma imekufa, na ilikuwa imekufa kweli.

Wakati huo ndipo nilipokubali bushi zake. Niseme tu ilikuwa huruma, kazi zimempungua, na nilitaka asikie kwamba hata mimi mbishi nimesalimu amri. Alifurahi mpaka akaniwekea chai. Hakuweza tena kuchonga, kwa hiyo alishusha mbili kutoka kwenye waya, za zamani, ngumu, nzuri, akamsimamia fundi jirani akazifunga. Nilizunguka nazo Jinja nzima bila taabu. Kisha nikaenda nazo Mbale mashindanoni.

Siku hiyo niliendesha vizuri, hata mimi nilijisikia. Lakini kadiri gari lilivyopata moto, kila nikishika breki kabla ya kona, usukani ulinitoroka mkononi. Nikiachia breki, unarudi sawa kama hakuna kilichotokea. Nikapunguza mwendo, nikamaliza wa mwisho, wakanicheka. Nikakagua matairi. La mbele la kushoto lilikuwa limeliwa vibaya. Si ukingo wa nje, ambao mzunguko wa kulia huula. Lilikuwa limeliwa ukingo wa ndani, karibu kipara, kwa siku moja. Nilikuwa sijaona kitu kama kile. Nikalifungua, nikalipeleka Kimaka.

Afande alikuwa barazani, mguu mmoja umefungwa bendeji. Nikaliegemeza tairi kwenye kiti mbele yake. Kwanza aliweka kiganja, kwa mazoea. Akangoja. Nami nikangoja, na sikujua niangalie wapi. Kisha akainama, akalaza shavu. Kutoka ndani kwenda nje, laini. Akarudisha, na nikasikia kwa masikio yangu ule mkwaruzo, meno ya mpira yaliyochongeka yakikwaruza ngozi ya mzee.

Akaniuliza ni upande gani. Nikamwambia kushoto, mbele. Akaniuliza kama tulikata kulia, nikasema kulia kama siku zote. Akauliza uzi ulisema nini, nikamwambia nilipima kabla ya kwenda na baada ya kurudi, na mara zote mbili uzi ulisema sawa. Akafuta vumbi shavuni.

"Na ukishika breki?"

"Usukani unanitoroka, Afande. Nikiachia unarudi."

Nilikuwa nimeanza kucheka, nina utani mdomoni kuhusu kikulacho ki nguoni mwako, maana ndivyo tulivyokuwa, mimi na yeye. Nashukuru Mungu sikuusema. Uso wake ulikuwa umeanguka.

"Hiyo bushi na ile ya Rama," akasema, "nilikata kwa tairi moja ya lori."

Akavua ufunguo shingoni. Sikuhitaji kuambiwa. Niliingia stoo, nikapita chini ya waya wa bushi, nikalitoa lile gunia. Uzi ulikuwa umeoza, ulikatika wenyewe nilipougusa. Nikamletea tairi la mwanawe, nikalisimamisha kati ya magoti yake, nikalishika lisianguke. Alilaza shavu juu yake. Alikuwa na miaka yote ile ya kulisoma, na sasa ilimchukua muda mfupi tu, maana liliandikwa sawa na langu: ukingo wa ndani, meno yale yale. Bushi zile zilizoshinda mashimo ya Buwenge hazikuweza joto la mzunguko. Breki ikishikwa kwa nguvu mpira ulikunjika, gurudumu likageukia nje, gari likamtoka dereva. Breki ikiachiwa, gurudumu linarudi mahali pake, na uzi ukija kupima unakuta kila kitu kiko sawa. Hakuna mguu wa dereva ambao ungeweza kufanya vile. Sio mguu wa Rama wala wa mwingine.

Hakuinua kichwa. Alilia akiwa amelilalia lile tairi, na mimi nimelishika, siwezi kuliachia wala kumshika yeye. Alisema tu lile neno lake, tairi haina ndugu, kwa sauti ya mtu anayejibu kesi.

Wiki ile teksi za Buwenge zilimwona. Alikwenda siku ya soko, peke yake, na fimbo, bila sukari wala sabuni. Alichomwambia Nalongo na alichojibiwa hakumwambia mtu. Ila nilipokwenda kumtazama, zile bushi zilikuwa zimetolewa kwenye waya na kutupwa shimoni, na akaniambia nimletee zangu za pakiti, awabadilishie watu wenye magari ya mashindano. Halafu akaniomba nimpeleke Mbale.

Nilitia matairi yote mawili nyuma ya gari. Nikamfungulia mlango wa abiria wa nyuma, kama kawaida yake. Akaupita. Akafungua mlango wa mbele mwenyewe, akakaa kiti cha Waiswa, akafunga mkanda kwa vidole visivyosikia, ikachukua muda, sikumsaidia. Alikuwa amevaa vile viatu. Njia nzima, Iganga, Tirinyi, mashamba ya mpunga, macho yake yalikuwa barabarani. Tulipofika Namutumba aliniambia nipunguze mwendo, nikapunguza.

Rama alikuwa dukani kati ya magunia ya vitunguu, amenenepa kidogo, mvi zimeanza. Alimwona baba yake mlangoni, akasimama. Alimwamkia kwa heshima, shikamoo baba, kama vile walionana jana, akaleta kiti. Mimi nikayaviringisha matairi ndani, nikayaegemeza kwenye magunia, nikataka kutoka. Afande akaniambia nibaki, kwa kuwa siku ile nilikuwepo.

Akamwambia mwanawe, "Soma."

Rama alichuchumaa. Kiganja kile kile, macho yamefumbwa, ndani kwenda nje na kurudi. Nilitamani Waiswa angekuwepo angetangaza. Akasoma langu, akasoma lake. Hakushangaa. Hilo ndilo nililoliona kwanza, na nadhani Afande pia.

"Ilikuwa bushi yangu," Afande akasema.

"Najua, Baba."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu mzunguko wa pili. Usukani ulikuwa unanitoka. Nilidhani nitaumaliza tu, halafu nije nikwambie taratibu, tukiwa wawili."

Mzee alishika fimbo yake. "Na mbona hukusema? Mimi nasema makosa ni yako, mbele ya watu, na wewe unanyamaza?"

Rama alikuwa bado amechuchumaa, mkono juu ya mpira.

"Mama tulikuwa tumetoka kumzika," akasema. "Ulikuwa umebaki na hiyo kazi tu, Baba. Ningekunyang'anya na hiyo?"

Miaka yote hiyo. Wajukuu wameota meno, wameanza shule, hawamjui babu yao, na yule mtoto amebeba hukumu isiyo yake ili baba abaki na kiganja chake na sifa yake. Nilitaka kuwapiga wote wawili. Nilitaka kuwakumbatia. Sikufanya lolote, nilisimama pale na harufu ya vitunguu, na machozi yangu kila mtu angedhani ni ya vitunguu.

Sikuwahi kumsikia Afande akiomba msamaha kwa kosa lake mwenyewe, jeshini hawafundishi. Alinyosha mkono kumtafuta mwanawe, akamkosa, vidole vikapapasa bega, vikapapasa hewa. Rama akampa mkono wake. Mzee akaushika kwa mikono yote miwili, akaubonyeza, na nikaona kwamba hausikii. Basi akauinua, akainama, akakilaza kiganja cha mwanawe kwenye shavu lake. Akakisogeza polepole, kutoka ndani kwenda nje, na kukirudisha.

"Uliendesha vizuri," akasema.

Mteja mmoja aliingia akauliza vitunguu ni bei gani. Hakuna aliyemjibu, akatoka.